Mahali Aliposimama Gilbert

Point, Durban
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa wifi yangu Beverly,

Pokea salamu zetu. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Na wewe, kifua kimetulia? Sisi tu wazima, ila joto la huku linatuchosha.

Nakuandikia juu ya kaka yako. Kwenye simu atakwambia yuko sharp, hana neno, halafu ataanza kuuliza habari za ng'ombe.

Unajua tangu mpira aliorusha ulipompata Gilbert kichwani pale mahali pa mpigaji, mkamzika wiki ile ile, Zachary hajarusha tena. Hapa anafundisha warushaji wa timu ya besiboli ya Cato Manor, na wanampenda. Anawapanga vidole juu ya mpira, anawarekebisha bega na nyonga. Lakini yeye harushi. Hata chungwa nikimwambia anirushie, ananiletea mkononi.

Jana Laurette, mrushaji wa Kikongo ambaye Zachary anamtegemea kuliko wote, alimgonga mpigaji wao Achille begani kwa mpira mazoezini. Achille aliinuka, akajipangusa, akacheka. Laurette ndiye aliyekaa chini.

"Kocha, miye siwezi tena," akasema. "Iko kichwa ya mutu pale."

Nilidhani Zachary angefunga mazoezi. Badala yake aliivaa kofia ngumu ya Achille, akaenda kusimama mahali pa mpigaji, mikono mitupu.

"Rusha," akamwambia. "Mimi sisogei."

Wifi, niliushika uzio kwa mikono miwili. Laurette alilia kwanza, kisha akarusha. Mpira ulipita mbele ya kifua cha Zachary ukaingia kwenye glavu ya mdakaji.

"Tena."

Akarusha tena na tena, mpaka woga ukamtoka. Wenzake wakampigia makofi. Zachary alikuwa amepauka uso.

Miaka yote hii tumemfariji kwamba Gilbert hakuuona ule mpira, kwamba hakujua lolote. Basi kwenye taksi, tulipokaribia bandarini, akanishika mkono, akasema polepole, "Chepkoech, mpira unaonekana. Tangu unatoka mkononi mwa mtu, unauona ukija."

Mpigie, wifi. Wewe ulikuwepo uwanjani siku ile ya Gilbert, labda utajua la kumwambia.

Nisalimie Mama, Lennox na Tiffany. Mungu awafunike kwa mkono wake, na Gilbert ampumzishe.

Ni mimi wifi yako nikupendaye,
Chepkoech