Alihamia Nakuru

Section 58, Nakuru
9 Machi 2025

Mwanangu Truphosa,

Nakusalimu wewe, Weldon na wajukuu wangu, nikitumaini kwamba baridi ya Njoro imewaachia vifua vizima. Mimi naamka, nakunywa uji, nalala. Tangu upasuaji wa koo, sauti yangu imebaki mnong'ono ambao simu haiupokei, ndiyo maana nimerudia kalamu.

Nina ombi. Daktari amezungumza nami kwa upole mwingi, na upole wa daktari najua unamaanisha nini. Nataka uwe wewe utakayesoma wasifu wangu siku ya ibada. Unajua nimesoma wasifu wa marehemu wengi kanisani kwetu, hata wagonjwa wengine wakawa hawapendi kuniona nikiingia wodini. Nimewasoma walevi ambao "walipenda kukaa na watu" na wagomvi "waliokuwa na msimamo". Nimesoma "aliugua kwa muda mfupi" juu ya mtu aliyelala kitandani miaka minne, huku mkewe ameketi mbele yangu, mikono imechubuka kwa kumfulia. Kila mara kamati ya mazishi ilinipa karatasi, nami nikaisoma kwa sauti nzuri. Nimechoka, mwanangu. Sitaki kusomwa hivyo.

Andika upendavyo kuhusu shule nilizofundisha na kwaya. Naomba sentensi moja tu iwe yangu: "Januari mwaka 2008, Nerima alifukuzwa shambani kwake na majirani zake, akaja Nakuru bila kitu." Basi. Sikutaja kabila la mtu, wala jina.

Mama yako


Njoro
30 Machi 2025

Mama mpendwa,

Barua yako imetukuta wazima, isipokuwa Kimberly mwenye mafua. Weldon anakusalimu. Je, dawa mpya zinakuruhusu kulala?

Nililia, kisha nikaandika. Yote uliyotaka yamo: shule tatu, kwaya, hata ule mwaka ulipomkatalia mkaguzi chai. Lakini pale pa sentensi yako nimeandika hivi: "Mwaka 2008 alihamia Nakuru, ambako aliendelea kulitumikia kanisa." Tafadhali isome kwa subira.

Mzee Kosgei, baba mkwe wangu, ataketi mstari wa mbele. Ni mwenyekiti wa kamati ya amani ya eneo letu. Katika miaka yote ya ndoa yangu hajawahi kuniuliza nyumbani kwetu palikuwa wapi. Redio ikianza kuzungumzia yale mambo nami nimeingia, huipunguza sauti. Naamini ananiheshimu. Watoto wangu shuleni ni akina Kosgei. Katika chumba cha walimu tunasema "jamii fulani" hata tunapozungumzia mboga. Muhula uliopita mwenzetu Waithaka alisema mkutanoni, bila hasira, kwamba vyeo vinagawiwa kwa kuangalia jina la ukoo. Hakuna aliyembishia. Tangu siku hiyo hakuna anayeketi meza yake, na sasa hunywa chai akiwa amesimama dirishani. Mimi pia sijaketi naye.

Wewe utakuwa umepumzika, Mama. Mimi nitabaki hapa nao.

Mwanao


Section 58, Nakuru
13 Aprili 2025

Mwanangu,

Amani iwe kwenu, na mpe Kimberly maji ya tangawizi. Dawa zinanilaza, lakini ni usingizi usiopumzisha.

Nimesoma ulichoandika. Mtu anayehama hukodi lori, hufunga vikombe kwa magazeti, huaga majirani. Wewe ulikuwa shule ya bweni, ukaja kunikuta katika hema kwenye uwanja wa maonyesho, na sikuwahi kukueleza ile asubuhi ya baada ya uchaguzi. Walikuja saa ya chai. Mbele yao alikuwa Kipngetich, ambaye watoto wake wote nilikuwa nimewafundisha kusoma. Hakunipigia kelele. Alisema, "Mwalimu, toka tu. Hatutaki kukuumiza." Kisha akanifungulia lango langu mwenyewe, kama anayemsindikiza mgeni. Mkewe Jepleting, ambaye nilikuwa nimembebea wachanga wake hadi kliniki, alisimama kwenye ua wa kwao, amejiziba mdomo kwa aproni.

Tangu hapo nimealikwa katika mikutano ya amani isiyohesabika. Hupewa chupa ya maji na kiti kizuri, kisha naambiwa kwamba sote tulipitia changamoto. Kila mtu huzungumza juu ya "yaliyotokea", kama vile mvua ya mawe ilinyesha ikaondoka. Hapa mtaani mambo ni yale yale. Mburu, anayesimamia kikundi cha simu cha majirani, alimwondoa mama mmoja kwa kosa la kusema kwamba kwao wanapika vizuri kuliko kwingine. Nilicheka mpaka koo likauma.

Sitaki mtu afungwe. Shamba silitaki tena, magoti yangu hayana kazi nalo. Nataka siku moja, mbele ya watu, lililonipata lisemwe kuwa lilinipata.

Kuhusu kubaki nao, nakuelewa. Hata mimi nilibaki nao. Ukiona huwezi, mpe mtu mwingine asome, sitakulaumu. Ila usiniahidi kuisoma kisha usiisome.

Mama yako


Njoro
8 Juni 2025

Mama,

Nisamehe kimya cha wiki hizi. Nimekuja hospitalini mara kwa mara nikaketi kando yako, nawe ulinitazama bila kuniuliza, nami nikajifanya nimekuja kubadilisha shuka tu. Natumaini sasa kwa kuwa umerudi nyumbani unaweza kumeza chakula.

Nimeandika upya. Sentensi yako iko mahali pake, kama ulivyoiweka, na nitaisoma mimi. Nilimwonyesha Weldon. Aliisoma, akaniambia, "Ni mama yako," akatoka kwenda kuwapa ng'ombe maji.

Mwanao


Section 58, Nakuru
15 Juni 2025

Mwanangu,

Salamu. Mkono hauniruhusu mengi.

Asante. Sasa kidogo naweza kupumzika.

Ukifika hapo, soma polepole. Watu wakianza kukohoa, ngoja wamalize, kisha endelea.

Mama yako


Njoro
10 Agosti 2025

Mama,

Nimezoea kuanza kwa kukuuliza habari za afya. Nakaa na kalamu na sijui nianzie wapi.

Kanisa lilijaa. Mburu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi, na ndiye aliyepeleka wasifu kwa mpiga chapa. Alinipigia simu siku moja kabla ya ibada. Alisema, kwa adabu yote, "Mwalimu, hapo kwa 2008 tumerekebisha kidogo, si ni sawa? Tusije tukaumiza watu siku ya msiba." Nikamwambia ni sawa, kwa kuwa nilikuwa na karatasi yangu mwenyewe ndani ya Biblia, nami nilikuwa nimekusudia kuisoma hiyo.

Niliposimama nilimwona Mzee Kosgei mbele, kofia juu ya goti. Nyuma kabisa, karibu na mlango, nilimwona Jepleting, na kando yake mzee mwenye fimbo ambaye sikumtambua mara moja. Alikuwa Kipngetich. Walikuwa wamesafiri kutoka kule juu kulikokuwa nyumbani kwetu.

Nilisoma shule. Nilisoma kwaya. Kwa mkaguzi watu walicheka, ungefurahi. Nilipofika pale nilisubiri wakohoe, kama ulivyonielekeza. Hakuna aliyekohoa. Walininyamazia wote, na karatasi yako ilikuwa chini ya kidole changu. Nikafungua kijitabu cha kamati, nikasoma kwamba alihamia Nakuru. Kwa sauti nzuri, Mama. Kisha kwaya ikaimba.

Nje, Jepleting alinishika mikono yote miwili. Alisema walikuja kusikiliza. Mzee wake alikuwa amekataa safari mara mbili, naye akamwambia ni lazima waende, kwani kwa jinsi anavyokujua wewe, neno lile litasemwa.

"Nilimwambia, likisemwa, wewe usimame," akasema. "Alikuwa amejitayarisha kusimama. Sasa sisi tutaanzia wapi?"

Nilimshukuru kwa kuja.

Tulikuweka garini kwa safari ya kwenda kukuzika Kimilili. Lango la kanisa lilikuwa limefunguliwa nusu. Kipngetich aliliendea kwa fimbo yake, akalifungua lote, akalishikilia mpaka tukatoka.

Mwanao