Naomba Simu ya Mume Wangu Isilie Tarehe Mosi Julai

Mpendwa Shangazi Ghislaine, naomba msaada wako na naomba haraka, maana tarehe mosi Julai hiyo inabisha hodi na mimi usingizi sina, mume wangu ni beki wa hoki ya barafu, nimwite Yannick ingawa si jina lake, mkataba wake umekwisha na siku hiyo saa sita mchana soko la wachezaji huru linafunguliwa, klabu yoyote inaweza kumpigia, iwe Winnipeg, iwe Florida, na mimi mke wake wa ndoa, niliyemshangilia hata alipocheza mbele ya viti vitupu, kila nikipiga magoti namwomba Mungu simu hiyo isilie.

Haya, nimeshasema. Aibu yangu.

Shangazi, nimechoka kufunga maboksi, kila akihamishwa tunahama, vikombe vya harusi yetu vimevunjika karibu vyote, binti yetu Maëlle akishazoea jina la mwalimu tumeshaondoka, na mwaka huu anaanza darasa la kwanza, kwa hiyo majira ya kuchipua, wakati Quebec nzima inatafuta nyumba za kuhamia Julai mosi, na mimi nikatafuta, nikapata ya ghorofa ya chini yenye ua, hatua chache kutoka shuleni, nikasaini mkataba wa kupanga wa mwaka mzima bila kumwambia, maana Yannick ana mwiko wake, kabla hajamwaga wino klabuni hatupangi nyumba, hatununui kochi, hata kalenda haitundikwi ukutani, anasema ni mkosi. Sasa kaka yangu Dany anakuja na lori siku hiyohiyo, saa hiyohiyo, pamoja na binamu zangu, nimeshawaahidi piza na bia kama ilivyo desturi, na Yannick anadhani anayehama ni Dany!

Kwa sasa tunakaa kwa mama. Simu ya Yannick imewekwa mezani kwenye bakuli la matunda na hakuna ruhusa ya kuigusa. Juzi tunakula ikalia, akairukia na uma mkononi, kumbe ni Dany, sauti yake tukaisikia meza nzima.

"Shemeji, lori lina breki mbovu. Nikodi lingine?"

"Dany, hebu toka kwenye laini yangu! Mtu akinipigia je?"

"Nani, Florida? Wanakutaka ukawasaidie kuota jua?"

Mama akacheka mpaka kahawa ikamwagika, Yannick akatoka bila kumaliza chakula, roho ikaniuma jamani, maana nampenda, nikamsikia nyuma ya nyumba akigonga misumari, huko ndiko anakoshinda siku hizi, anasawazisha udongo na kupigilia mbao pande zote, eti kiwanja cha barafu cha Maëlle, Juni hii watu tumevaa kaptula! Anapoteza muda tu akisubiri simu, namwelewa.

Nimwambie sasa, au nisubiri nione kama italia? Isipolia, si mambo yatajimaliza yenyewe? Nijibu kwenye gazeti la Jumamosi, yeye ukurasa wako hausomi, anasoma michezo tu.

Mke wa Beki, Rimouski


Mke wa Beki, mwanangu,

Jina umelificha vizuri sana, hongera. Rimouski hii ina mabeki wa kulipwa wangapi? Mama yako atakutambua kabla kahawa yake haijapoa.

Pole kwa maboksi. Kuchoka si dhambi, na hayo maombi yako nimeyasikia kwa wake wengi wa wachezaji, ila wewe una ujasiri wa kuyaandika. Lakini hiyo nyumba! Dany anajua, binamu wanajua, mwenye nyumba anajua, na atakayelala humo hajui. Ulitaka aone kitanda chake kinashushwa kwenye lori ndipo ajue kwamba amehama? Mwiko wake ni wa kitoto, sikatai, ila huo wako ni ujanja, na ujanja ndani ya ndoa unaniudhi.

Halafu pamoja na miaka yote hiyo, soko lenyewe hujalijua. Ngoja nikwambie litakavyokuwa. Saa sita watagombania wafungaji, na makipa, ambao mwaka huu ni adimu. Kufika jioni klabu zitakuwa zimeshatoa ahadi za kijinga watakazozijutia Krismasi. Beki wa kuhamishwahamishwa kama mumeo hapigiwi simu saa sita. Anapigiwa Agosti, kijana fulani akishavunjika mguu, na anaitwa aje kambini kujaribiwa tu. Kwa hiyo hiyo "nisubiri nione" yako itakufikisha majani yakianza kuanguka, Maëlle yuko darasani, na wewe bado unaviziana na bakuli la matunda.

Sasa kuna jambo umeliandika mwenyewe ukalipita mbio. Kiwanja cha barafu. Jamani, umeolewa na mcheza hoki! Kupigilia mbao ni kazi ndogo. Kazi yenyewe ni Januari, mtu atoke nje kila siku na mpira wa maji, ule wa kumwagilia bustani, baridi inamkata masikio, amwagie tabaka jembamba, angoje ligande, amwagie tena. Marehemu mume wangu aliwafanyia hivyo wanetu, anarudi ndani ndevu zimeganda. Mama yako hawezi. Wewe huwezi, usinidanganye. Na mtu aliyeko Florida hamwagii kiwanja cha Rimouski.

Labda nakosea. Labda anagonga misumari kutuliza moyo tu, au anataka yote mawili, kwenda na kubaki. Lakini hujamuuliza, na yeye hajakwambia, mmekaa mnaiangalia simu.

Leo hii, kabla ya chakula cha mchana, nenda huko nyuma. Mshikie mbao wakati anapigilia. Mwambie kuhusu nyumba, na kwamba ua wake unazitosha hizo mbao. Mwambie maboksi basi. Na maombi yako mwambie vilevile. Ataumia, lakini aumie ukiwa pembeni yake. Simu ikilia ni yake, aipokee, na usimnunie. Akienda, wewe na Maëlle mnabaki, na Krismasi atawakuta hapohapo. Na Dany abadilishe lori, breki si jambo la mzaha.

Fanya haraka, kwa sababu ukurasa wangu umechapwa mgongoni mwa ukurasa wa michezo, na wanaume wa mji huu wakimaliza michezo hugeuza gazeti wakidhani hakuna anayewaona.

Kwa hiyo, Yannick, habari za asubuhi. Mkeo anakuja huko nyuma sasa hivi. Weka nyundo chini, umsikilize mpaka amalize, kisha umjibu: Januari, nani atashika mpira wa maji?

Shangazi Ghislaine