Keki ya Kaka

Nangara, Babati

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na umeacha kubeba ndoo kama msichana. Mimi mzima, nimenenepa. Wasichana wa hapa wanaona, hawasemi tu. Mwambie Skola akusomee bila kuruka mistari, hasa ninapomsema.

Watu wa huku wema, ila wananiita Mngoni hata niseme Mmatengo mpaka koo likauke. Mahindi na mbaazi tele, lakini asubuhi natafuta harufu ya kahawa yetu ikianikwa, siipati.

Mama, ile kamera ya bosi sasa naishika mimi. Nyeusi, nzito kama kichanga, inapiga picha na kuchukua video humo humo, safi mpaka unaona poda ilivyoganda kwenye jasho la bibi harusi. Yule mwalimu wa Form Two aliyesema mikono yangu ni ya jembe, msalimie sana.

Jumamosi tulikuwa Singe kwenye sendofu, kumuaga binti mmoja anayeolewa. Binti alilisha keki wazazi, ikafika zamu ya ndugu. MC akaita, "Kaka wa bibi harusi, njoo dada yako akulishe kabla hajaondoka." Hakutokea mtu. Kumbe kaka yuko mgodini, hakupata ruhusa. Binti kasimama na kipande kwenye kijiti, na mimi kwenye lenzi namwona kwa karibu, machozi yanajaa. Nikamwona Skola wetu, siku yake ya kulisha keki. Sijui nilipatwa na nini, mama. Nikasema, "Nipo." Nikaenda na kamera yangu inarekodi, nikafungua mdomo.

Ukumbi ulicheka. MC akasema, "Kumbe kaka mtu kajificha nyuma ya mtambo." Binti naye akacheka huku analia. Kwenye video kijiti kinakuja, kinapotea, halafu unanisikia natafuna.

Bosi alininunia mpaka ofisini. "Fidelis, mpiga picha hana dada ukumbini."

"Keki yenyewe kavu, bosi."

Hakucheka. Nikajua kazi imeisha. Lakini mama wa binti alipokuja kuangalia video, alitaka kipande kile kirudiwe na kurudiwa, akasema kisikatwe, atamtumia mwanawe. Akanigeukia. "Na wewe, una dada?"

"Ninaye, mama. Anaolewa."

"Utakuwepo?"

Nikajifanya nakunja nyaya.

Unajua niliwaambia kwenye simu siji kwenye harusi ya Skola, nina kazi nyingi, kama mkurugenzi. Ukweli ni kwamba bosi alisema mwezi ule harusi zimejaa, nikiondoka kamera anapewa Elia, yule mshika taa wetu anayeimezea mate. Na kuja nayo Mbinga alikataa.

Jana nimemkabidhi Elia kamera. Nimemwonyesha vitufe vyote, hata vile nilivyokuwa namficha. Nikirudi huenda nikashika taa mimi. Roho inaniuma, siwezi kukudanganya, ila nakuja.

Skola, hapo usilie, endelea kusoma.

Nisalimie bibi, mwambie simu yake naisikia hata akinong'ona, asipige kelele. Baba mdogo aninyooshee lile shati la marehemu baba. Jirani yetu fundi baiskeli naye mpe salamu, na binti yake mpe zaidi.

Kamati ikiuliza habari za video, watafute mpiga picha mwingine. Mimi nihesabiwe upande wa ndugu.

Wako anayekukumbuka kuliko anavyojua kuandika,

Fidelis