Kidonge Kimoja, Benchi Moja

4 Machi

Kitinda mimba wangu,

Marahaba, na salamu zangu ziifikie hiyo mikono yako iliyobabuka kwa sabuni. Sisi hatujambo, isipokuwa uchovu, na uchovu siku hizi nauhesabu kama mtu wa nyumbani. Kifua chako kimeachia?

Umeuliza habari za dawa. Dawa ni ileile, kidonge kimoja kila siku baada ya chakula. Daktari wetu kijana, yule anayevaa raba kana kwamba wagonjwa tutamtoroka, anasema nina bahati. Zamani mwenye saratani ya damu kama yangu alikuwa anaagwa mapema. Sasa kidonge hiki kimeigeuza kuwa mpangaji mkorofi aliyenyamazishwa: hahami, ila hapigi kelele. Nikamwambia sawa, lakini mpangaji huyo ananila miguu. Misuli inakaza mpaka nang'ang'ania meza ya kukandia unga. Na macho yananivimba asubuhi, wateja wa mkate wananipa pole ya msiba. Nimechoka kuwaeleza kwamba hajafa mtu. Naitikia tu, "Ahsanteni, tumeshapoa."

Kliniki nakaa na mwenzangu, Fundi, yule mshona mapazia. Ugonjwa wake ndio wangu. Mwaka mzima tumekalia benchi moja, hata muuguzi anatuita mapacha. Juzi kaja na mto aliotushonea, maana ubao ule unatutoboa mifupa. Ila mwezi huu jina lake halikutoka kwenye mgao wa dawa. Shehena imechelewa, wanasema, na walioandikishwa kwanza ndio wanaopewa kwanza. Yeye alichelewa kuandikishwa kwa sababu kila alikokwenda aliambiwa ni uchovu wa kazi tu. Alipoambiwa arudi mwezi ujao alicheka. Mimi sikucheka.

Jifunike vizuri, baridi ya huko haina adabu. Mkate wa leo umeumuka, ungekuwepo ungekula ncha zote mbili.

Mama yako


19 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, si umesimama mbele ya oveni. Mimi mzima. Kifua kimeachia, sasa mgongo ndio umeingia zamu.

Kazi ni kufua shuka za hospitali, asubuhi mpaka jioni, mvuke usoni. Sisi wa chumba cha kufulia hatuwaoni wagonjwa, tunaona shuka zao. Wakongwe hapa wanasema zamani mfuko ukishuka kutoka wodi ya magonjwa ya damu, mtu alivuta pumzi kwanza ndipo aufungue. Leo nilifungua nikakuta makombo ya biskuti, doa la chai na soksi ya mtoto. Msukuma vitanda ananisimulia: wanachukua chembe za damu za mgonjwa mwenyewe, wanazifundisha kuitambua saratani, kisha wanamrudishia. Kwenye wodi ya moyo mzee anawekewa vali, kile kilango cha moyo, kupitia mshipa wa paja bila kupasuliwa kifua, na kesho yake anagombana na muuguzi juu ya chumvi. Si wote wanaopona, Mama. Mifuko mizito bado inashuka. Lakini imepungua.

Nikiwa nakunja shuka hizo nakuwaza wewe. Kidonge chako ni ndugu wa maajabu hayo, ila hakina makeke. Najua kinakuchosha. Kimeze hivyo hivyo, nakuomba. Vipimo vimesemaje? Na Fundi amepata?

Kitinda mimba wako


27 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi, na pole na mgongo. Usiinue mifuko peke yako, ujana si mashine. Nimechelewa kujibu, vidole havikutaka kalamu.

Hesabu ya saratani kwenye damu imepanda. Daktari aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akairudia karatasi. "Mama, dawa unameza kila siku?" Nikamwambia kila siku, na ni kweli. Anasema huenda ugonjwa umeanza kuizoea. Iko dawa nyingine kali zaidi, ila kwetu haijafika. Na iko njia ya kupandikiza uboho, ile mbegu ya damu iliyo ndani ya mfupa, kwenye hospitali kubwa. Zamani walitaka ndugu anayelingana na mgonjwa kabisa, na ndugu zangu wote wameshatangulia. Siku hizi hata mtoto anafaa, ingawa analingana na mama yake nusu tu, nami aliyebaki ni wewe peke yako. Sikuelezi haya ili uje. Nakueleza kwa sababu ukiyasikia kwa mwingine utanuna mwaka mzima, na kununa kwako nakujua.

Fundi jina bado. Ila hajambo, tunasukuma siku. Ngazi zinamshinda, kwa hiyo nikishaoka nampelekea mkate asubuhi. Tunakula pamoja, tunameza chai, tunamsengenya daktari na raba zake, halafu kila mtu na kazi yake. Hiyo ndiyo saa ya siku ambayo sichoki.

Mama yako


8 Julai

Mama,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Nakuja. Nimemwuliza msimamizi kama nafasi yangu itashikiliwa, akasema haishikiliwi ya mtu yeyote. Na karatasi zangu za ukaazi zimefungwa kwenye kazi hii, nikitoka mlango unajifunga nyuma yangu. Nilitaka kukuandikia kwamba sijali. Ningekuwa nadanganya. Najali sana, nimeisotea nafasi hii mpaka ngozi imetoka. Lakini huo uboho ni wewe uliyenipa, siwezi kuukalia.

Kabla sijafunga mzigo, nakuuliza jambo moja, na usinizungushe. Fundi hana dawa tangu Machi, nawe unasema hajambo. Unakula naye kila asubuhi. Kidonge unakimeza baada ya chakula. Na mimi tangu nizaliwe sijawahi kukuona ukila mkate mzima mbele ya mtu asiye na mkate.

Mnagawana?

Kitinda mimba wako


4 Agosti

Mama,

Shikamoo. Sijapata jibu. Msimamizi anataka neno langu kabla mwezi haujaisha. Nikilala naota nafungua mfuko wa shuka na zilizomo ni za kitanda chako.

Ukinyamaza nitajua ni kwamba ugonjwa umekuzidi, na nitakuja. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao


20 Agosti

Mwanangu,

Salamu, na nisamehe ukimya. Nilikuwa na aibu, na aibu ya mtu mzima ni nzito kuinua.

Ni kweli. Tangu mwezi ule wa Machi. Nilikikata kwa kisu cha mkate, nusu yangu, nusu yake. Ulitaka nifanyeje? Nikae mbele ya mwenzangu nimeze uhai wangu huku yeye anakoroga chai? Kizuri kula na wenzako, hivyo ndivyo nilivyolelewa na ndivyo nilivyowalea. Tulijiona wajanja. Tulisema shehena ikija tutarudi kwenye vizima na hakuna atakayejua.

Barua yako ya Julai niliificha chini ya kopo la hamira. Ilipokuja hii ya pili nilimsomea Fundi zote mbili. Nilidhani tutaicheka hiyo ndoto yako ya shuka. Akaweka kikombe chini, akasema, "Kesho twende kwa daktari."

Daktari hakutugombeza. Afadhali angetugombeza. Alivua miwani, akaja kukaa kwenye benchi letu, katikati yetu, juu ya mto wa Fundi. Akasema mkate ukikatwa wawili wanashiba nusu nusu, lakini dawa hii ikikatwa hakuna anayepona nusu. Ugonjwa unaipata kidogo, unaizoea, unajifunza kuikwepa. Nasi tulikuwa tunaufundisha kwa watu wawili. Anasema wangu huenda haujafika mbali, nirudi kwenye kizima tuone. Uboho usubiri. Wa Fundi umekwenda mbali zaidi. Amempandisha jina mpaka juu kabisa, lakini jina likiwa juu ya rafu tupu linasaidia nini?

Asubuhi iliyofuata nilimpelekea mkate kama kawaida. Nikaweka kidonge kizima mezani, nikamwambia leo chako, kesho changu. Akakichukua. Kisha akakitia mdomoni mwangu mimi, kama unavyomlisha mtoto mkaidi, akanishika kidevu mpaka nikameza. "Mwanao asipoteze kazi kwa ajili ya nusu yangu," akasema. Halafu akadai nimpakie siagi.

Kwa hiyo usije. Sijasema sikutaki. Nimesema usije.

Mama yako


3 Septemba

Mama yangu,

Shikamoo, na salamu kwa Fundi, mwambie simjui lakini namshukuru. Nimemwambia msimamizi nabaki. Alinipa mifuko ya kufungua hapo hapo.

Nilikukasirikia njia nzima kwenda kazini. Baadaye nikafurahi kwamba sirudi, kisha nikaona haya kufurahi kwa sababu hiyo. Hapa mabohari yamejaa vidonge kama chako, Mama. Niliuliza kama naweza kutuma, wakaniambia dawa haitoki bila mgonjwa wake. Nimechoka kuwa karibu na dawa na mbali na nyie.

Fundi akipata, niambie siku hiyo hiyo.

Kitinda mimba wako


2 Desemba

Mwanangu,

Salamu zikufikie ukiwa mzima. Hesabu yangu imeshuka. Daktari anasema ikiendelea hivi hakuna haja ya uboho wako, uweke, utakufaa uzeeni.

Shehena ilifika mwisho wa Oktoba. Muuguzi alianza na jina la Fundi, kama daktari alivyoahidi. Aliita, akaita tena. Ilibidi niinuke mimi niseme hayupo, maana tulikuwa tumemzika wiki moja kabla. Daktari alibaki amesimama na boksi la Fundi mkononi. Sikukuandikia siku hiyo hiyo kama ulivyotaka, na mwezi mzima uliofuata sikuweza. Nilikuwa naoka tu. Nimechoka, mwanangu. Nimechoka kuambiwa nina bahati.

Kila asubuhi nakula peke yangu, nakimeza, na kila nikikimeza nasikia vidole vyake kidevuni.

Mto bado upo kwenye benchi. Jana alikuja mgeni, mwalimu wa shule, binti wa rika lako. Akakaa ukingoni kabisa, wageni ndivyo wanavyokaa, nikamsogezea mto. Jina lake lilikuwa halijatoka. Akaniuliza, "Shangazi, wewe hufanyaje siku ambazo dawa hakuna?"

Mkobani nilikuwa na boksi langu, na mkate, na kisu. Nilikata mkate, nikampa nusu iliyo kubwa. Tulikula. Kisha nikatoa kidonge changu nikakimeza kizima, mbele yake. Binti wa watu akanipapasa mgongo, maana mimi ndiye niliyekuwa nalia.

Mama yako