Madereva Waliosahau Kiswahili

Ijumaa, Kolwezi. Asubuhi baridi, mchana vumbi. Nimerudi nyumbani koo limekauka, na bado nacheka peke yangu.

Jumatatu lazima nitoe jibu. Kampuni moja ya mgodi, upande wa Fungurume, inanitaka niwe mkalimani. Profu Kalala naye anastaafu mwezi huu, na anataka nichukue madarasa yake ya Kiingereza. Mpaka leo mchana nilikuwa nimeshaamua.

Fungurume.

Huyu mzee alinifundisha sekondari, na sasa tunafundisha shule moja. Amesomesha wazazi, akasomesha na watoto wao. Kaseti za kusikiliza Kiingereza zilikufa zamani, basi kila Ijumaa anawapeleka wanafunzi wa mwaka wa tano pakingi, pale malori ya shaba yanaposubiri karatasi za kuvuka mpaka. Kila mwanafunzi na dereva wake. Tuliambiwa madereva ni watu wa kusini, Kiswahili hawakijui hata kidogo. Ukikwama, utajijua.

Mwaka wetu, mimi nilipata dereva mwenye jino bovu. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini nilimwuliza linauma tangu lini, nikampeleka duka la dawa, nikamtafsiria kwa muuzaji. Nilirudi nikitembea kifua mbele. Nadhani siku ile ndiyo nilipoanza kuwa mwalimu.

Leo Profu alitangulia pakingi, akaniomba nimletee wanafunzi, maana magoti yanamsumbua. Gloria, msichana ambaye darasani humsikii hata akikohoa, alipewa dereva mwenye tairi bovu. Alianza sentensi mara mbili, kisha maneno yakaanza kutoka. Akaenda kumtafutia fundi.

Alipopotea tu, dereva akamgeukia Profu. Mimi nilikuwa upande wa pili wa lori, hakuniona.

"Huyu ameiva, Mwalimu. Ila mwakani nibadilishie shida. Fundi wa tairi nimeshaletewa mno, sasa ananicheka."

Kiswahili safi cha Tanga.

Nikajitokeza. Nikamwuliza Profu, na yule wa jino? Akasema jino lilikuwa zima, na dawa dereva alimpelekea mke wake. Hakuona haya hata kidogo. Miaka yote hii amekuwa akifika pakingi kabla yetu, anawapitia madereva mmoja mmoja na kuwaomba wajifanye hawasikii lugha yetu.

"Mutoto yangu," akaniambia, "kama banajua muntu anasikia Kiswahili, hakuna mwenye atasema Kiingereza. Batoto yetu beko na akili. Banakosaka tu muntu mwenye anabahitaji."

Wanakosa tu mtu anayewahitaji! Nilikasirika kidogo. Kisha nikamheshimu kuliko nilivyowahi kumheshimu mtu yeyote wa kazi hii. Alituacha tujisifu wenyewe, naye asipate sifa yoyote.

Gloria akarudi na fundi, kifua mbele. Dereva akamshukuru kwa Kiingereza, uso mkavu kabisa. Hakuna aliyecheka, hata fundi.

Fungurume watapata mkalimani mwingine. Nilimwambia Profu tukiwa njiani kurudi, naye akanishika tu mkono, akaendelea kuchechemea.

Kesho ananirudisha pakingi kunijulisha kwa madereva. Nitawasalimu kwa Kiswahili, tutapiga soga, kisha nitawaomba wakisahau.