Njiwa Hawakuwa na Kosa

Baba,

Nianze na habari unayoitaka: njiwa wote wapo. Hakuna aliyechinjwa, ingawa Mjomba alishanoa kisu.

Majibu ya Kampala yalifika tukiwa tumeshakuzika. Kile kinyama walichokutoa pafuni hakikuwa na fangasi ya njiwa. Ilikuwa saratani ya mapafu, aina ambayo hata daktari wetu wa hapa Juba alikiri hajawahi kuiona. Alinionyesha tena picha yako, lile doa la mviringo, akasema kwenye picha magonjwa hayo mawili hufanana sana. Siku ile ya kwanza aliuliza kama nyumbani tunafuga ndege, Mama akamtajia njiwa, na kuanzia hapo hakuna aliyeuliza kingine. Nina hasira, Baba, ila sijui nimpelekee nani.

Unakumbuka tulipowahamishia njiwa Rejaf kwa Shangazi? Tulirudi nyumbani Nyakuron tukawakuta wametutangulia, wamejipanga juu ya bati. Ulicheka mpaka kikohozi kikakukalisha chini. Ndipo Mama akaamua: kama njiwa hawahami, utahama wewe. Ukawa unameza dawa za fangasi kwa Shangazi, huku unakonda tu, na kila nikija kukuona swali lako ni moja: "Wamekula?" Kabla ya safari ya Kampala uliniambia, "Ikionekana si wao, nirudishe kwangu."

Sikuwahi. Ulifia Rejaf, tukakuzika huko huko. Hilo linaniuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Mama hakutaka hata kusikia habari za njiwa. Nilipomweleza majibu aliendelea kukata bamia. Lakini asubuhi ya karama, siku ya kuanua matanga, wageni hawajafika bado, nilimkuta uani na bakuli lako la mtama. Alikuwa akiwarushia na kuwaomba msamaha kama watu: "Malesh. Tuliwasingizia."

Kwa hiyo wanabaki. Kibanda nitakisafisha mwenyewe, nimejifunga kitambaa puani, maana daktari anasema fangasi ya njiwa ipo kweli, ila haikuwa yako. Na mtu wa kwetu akianza kukohoa wakamwambia ni fangasi, nitamsumbua mpaka akatwe kinyama kipimwe mapema.

Jumapili nakuja kaburini na wale wawili weupe ndani ya kapu. Nitawafungulia hapo hapo. Watafika Nyakuron kabla yangu, kama kawaida yao.

Ukiwaona wameruka, Baba, wafuate. Nyumbani wanapajua.

Binti yako,
Keji