Barua Nilizozisahihisha kwa Wino Mwekundu

Jumatatu, 7 Juni 1976. Kalenga

Uji, vidonge viwili, kikohozi. Kisha nimefungua sanduku la bati na kuzitazama tena. Barua kumi na tisa. Nimezificha miaka miwili. Zote zinasahihisha kitabu changu.

Kitabu chenyewe ni kurasa ishirini za stensili: mwongozo wa kuwasha na kutunza mashine ya kusaga, kwa wanavijiji wanaoanza. Ukurasa wa mwisho niliandika: ukiona kosa au upungufu, tuandikie, kitabu hiki ni chetu sote. Maneno mazuri. Sikuyaamini.

Jumatano, 9 Juni

Ofisi ya kisomo mjini Iringa imeniandikia. Kitabu kinachapishwa upya, kiende vijiji vya Iringa na Mbeya. Wanataka maoni yote ya wasomaji yaliyonifikia.

Nimejibu kwamba yameliwa na mchwa. Kwa mwandiko safi kabisa. Binti yangu Tumaini ameipeleka barua posta bila kujua amebeba nini. Chakula kimenishinda.

Ijumaa, 11 Juni

Nimezisoma zote. Baridi kali, blanketi mbili.

Mtu wa Ilula anasema tulimwambia ajaze mafuta, hatukusema yapi yanaingia wapi. Akakisia. Mwingine anauliza mkanda uvalishwe kabla au baada ya kuwasha. Maswali ya haki. Niliyaona ya kijinga kwa sababu hayakuwa na nukta.

Ya Sekela ndiyo inayoniua. Ni mama msagaji wa kijiji huko Chunya, amejifunza kuandika akiwa na wajukuu. Mistari mitano. Kitabu kinamwambia mtu ashike hendeli ya kuwashia injini na kuizungusha kwa nguvu, lakini hakimwambii kidole gumba akiweke wapi. Kikiizunguka hendeli, injini ikirudi kinyume, mkono unavunjika. Kilale upande mmoja na vidole vingine. Basi.

Nami nilifanya nini? Nilichukua wino mwekundu. Nikamwekea nukta na herufi kubwa. Nne juu ya kumi. Nikamjibu kwamba alama zake ni nne, arekebishe mwandiko kwanza. Miaka thelathini na sita darasani, mkono wangu ulijua kazi hiyo tu.

Miezi mitano baadaye tulichapa mara ya pili. Ukurasa wa saba sikuugusa.

Jumatano, 16 Juni

Sekela amekuja mwenyewe. Mabasi mawili, kitenge kimejaa vumbi. Anakwenda ofisi ya kisomo na maoni mapya ya wasagaji wenzake, akaona apitie kwangu.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kudai alama zangu sita zilizobaki."

Tumaini alicheka hadi akaweka chini sufuria. Mimi sikuweza.

Kisha akaniambia habari za Lusajo, kijana mwenye familia, msagaji wa kijiji cha jirani. Alijifunza kwa chapa ya pili. Hendeli ilirudi kinyume, kiganja na kifundo vikavunjika. Hashiki jembe tena. Alifuata kitabu neno kwa neno, akasema Sekela. Alisema bila hasira. Ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo.

Halafu akauliza, kwa upole, kama mtu anayetaka tu kujua: "Hivi Mwalimu, wewe ulipojifunza kuwasha, nani alikuonyesha habari ya kidole?"

Nilikohoa. Nilikohoa kuliko nilivyohitaji. Tumaini akaleta maji, mazungumzo yakaishia hapo.

Alhamisi, 17 Juni

Nimempa barua zote kabla hajaondoka. Nimemweleza pia uongo wangu kwa ofisi. Aliikuta yake, akatazama ule wino.

"Kumbe mchwa wa Kalenga wana kalamu."

Nilistahili zaidi ya hapo. Ataketi na watu wa ofisi waandike upya ukurasa wa saba, na kurasa nyingine zote zinazohitaji. Nikamwomba jina langu liondolewe kwenye jalada. Akakataa. "Libaki, baba. Watu wajue wa kumuuliza." Akafunga kikapu. Mlangoni akageuka: "Na swali langu bado hujalijibu."

Jumapili, 20 Juni

Ukungu hadi saa nne. Miguu haikutaka kanisani. Kifua kimetulia, lakini mganga wa zahanati ananitazama siku hizi kama mtu anayeaga.

Nimeandika barua mbili. Moja kwa Lusajo, kumwomba radhi. Ya pili kwa Sekela, na nimemruhusu aichape mwanzoni mwa kitabu, ionwe na kila anayejifunza.

Nimemwandikia kwamba hakuna aliyenionyesha. Kitabu nilikitafsiri mezani kutoka kijitabu cha Kiingereza, na penye ugumu nilikisia. Sijawahi kushika hendeli ya injini yoyote maishani mwangu.